Shina la Mgomba wa Masisi, Bidoni ya Walikale

Mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha shina hukatwa. Kwenye vilima vya Masisi, mkoani Kivu Kaskazini mashariki mwa Kongo, mashina hayo huishia kuoza shambani, ilhali yamejaa nyuzi ndefu zinazostahimili kuvutwa. Uganda, kampuni ya TexFad inazifuma mazulia. Wilaya jirani ya Walikale nako kuna mawese, yanayosafirishwa kwa bidoni za plastiki, na bidoni ikishapasuka haina kazi. Mali ghafi mbili zinatupwa katika mkoa mmoja. Zikikutanishwa, zinatoa ubao wa dari au wa mlango.

Hesabu yake huanzia kwenye moto. Nyuzi za mmea huanza kuharibika joto likikaribia sentigredi 200. Plastiki ya bidoni huyeyuka kwenye 130 hivi, kwa hiyo vinapikika pamoja. Chupa za maji ya kunywa huyeyuka karibu na 250, hizo zisiguswe.

Kisha kuna ugomvi wa maji. Nyuzi huyapenda, plastiki huyakataa, basi hazishikani: ubao ukivutwa, nyuzi huchomoka kabla ya kukatika. Dawa yake ni kuziosha kwa soda kali, kuzisuuza na kuzikausha barabara. Hapo kwenye kukausha ndipo Masisi, nchi ya mvua, itakapolipa gharama, maana unyevu uliobaki hugeuka mvuke na kutoboa ubao kwa ndani. Udongo wa mfinyanzi uliosagwa laini sana husaidia: asilimia chache tu huongeza ugumu na kuchelewesha maji kupenya. Ukizidi hujikusanya mabonge, na ufa huanzia hapo. Fundi wa nyumba za miti na udongo anaijua hesabu hii kwa upande wake: udongo mtupu hupasuka ukikauka, ndiyo maana huukanda na majani makavu.

Linalonitia hofu zaidi ni ugonjwa wa mnyauko wa migomba. Ulipoonekana Kongo mara ya kwanza, mwaka 2001, ulikuwa hapahapa Masisi. Bakteria wake husafiri na panga na mashina mabichi. Kiwanda kimoja cha kukusanya mashina ya vijiji vyote kingeusambaza kwa malori. Heri mashine ndogo za kukwangulia nyuzi kijijini, panga zipitishwe motoni, zisafiri nyuzi kavu peke yake.

Udogo huo una faida nyingine wakati wa vita. Waasi wa M23 waliiteka Rubaya, mji wa machimbo ya koltani huko Masisi, Aprili 2024. Machi 2025 wakaingia mji wa Walikale, na mgodi wa bati wa Bisie ukasimamisha kazi kwa wiki kadhaa. Mashine inayobebwa na watu wawili huhama na wenyewe.

Mnunuzi wa kwanza yuko Goma, ambako familia nyingi hujenga nyumba za mbao juu ya mawe ya volkano. Atauliza bei, kisha ataupinda ubao uliolowa mvua ya msimu mzima. Karakana iupinde kabla yake.