Kuitafuta Songwe katika Miji ya Kale ya Ulaya

Simu za Waafrika Mashariki waliotembelea Ulaya zina picha zinazofanana mno. Mnara wa Eiffel upo, Lango la Brandenburg la Berlin lipo, mifereji ya Venice ipo, na mwenye simu yuko mbele akitabasamu, koti limemzidi kimo. Hakuna ubaya. Nauli ni ghali, viza ni ghali, na aliyefika ana haki ya kuonyesha kwamba amefika. Ila picha hizo zimeshapigwa na wengine, tena kwa kamera bora na mwanga mzuri zaidi. Mgeni kutoka Tunduma, Mbozi au Momba, mkoani Songwe, akiishia hapo atakuwa ametumia fedha nyingi kutengeneza nakala ya postikadi. Ana njia nyingine. Miji ile ilishajihusisha na kwao zamani, na alama za uhusiano huo bado zimo mitaani, katika makumbusho, hata chini ya viatu vya wapita njia. Akizifuata hizo atapata picha ambazo mtalii mwingine hazifikirii, na mji wenyewe atauelewa vizuri kuliko anayezunguka na orodha ya vivutio kumi.

Chukua Ivuna, huko Momba, kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichapisha mwaka 1968 matokeo ya uchimbuzi wao hapo, wakaonyesha kwamba watu walikuwa wakitengeneza chumvi Ivuna karne kadhaa kabla ya ukoloni. Lakini nje ya Tanzania Ivuna inajulikana kwa jambo jingine kabisa. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka kimondo, na vipande vilivyookotwa, vyote kwa pamoja, vilikuwa na uzito wa gramu 705 hivi, pungufu ya mfuko wa kilo wa sukari. Kumbe jiwe hilo dogo lilikuwa la aina adimu mno: ukiondoa gesi nyepesi kama haidrojeni na heliamu, mchanganyiko wa elementi zake unakaribiana sana na ule wa Jua. Wanasayansi wakaliita kundi zima la vimondo vya namna hiyo CI, na herufi ya pili ni ya Ivuna. Chombo cha Kijapani Hayabusa2 kilipoleta duniani chembe za sayari ndogo ya Ryugu mwishoni mwa mwaka 2020, wataalamu waliozipima walizifananisha na kundi hilohilo. Mwaka 2008 Makumbusho ya Historia ya Asilia ya London yalijipatia kipande kikubwa cha jiwe hilo kutoka kwa mkusanyaji binafsi wa Marekani.

Sasa mfikirie mtalii aliyesimama mbele ya makumbusho hayo, mtaa wa South Kensington. Jengo ni la Alfred Waterhouse, lilifunguliwa mwaka 1881, na sura yake ni ya kanisa kuu: matao, minara, wanyama waliofinyangwa kwa udongo wa kuchoma hadi kwenye nguzo. Ndani, kwenye ukumbi mkubwa, mifupa ya nyangumi imening'inizwa juu na kila mtu ameinua simu. Jiwe la Ivuna asitarajie kulikuta kando ya nyangumi. Mawe ya aina hii huharibiwa na unyevu, na kipande hicho hutunzwa ndani ya gesi ya naitrojeni. Mtu atauliza basi, kisichoonekana kinapigwaje picha? Jibu ndilo kiini cha hoja yangu. Nusu ya picha ya safari imo katika maelezo yanayoandikwa chini yake. Picha ya mlango wa jengo lile, ikiandikwa kwamba humo ndani limehifadhiwa jiwe lililoanguka Ivuna mwaka 1938, ni picha tofauti na maelfu ya picha za mlango huohuo, ingawa ukizilaza pamoja hutaona tofauti.

Berlin inathibitisha jambo hili kwa ukali zaidi. Toka kwenye Lango la Brandenburg, ambako makundi hayaishi, shuka mtaa wa Wilhelmstraße kwa miguu. Muda si mrefu utafika mahali palipokuwa na ofisi za chansela na za mambo ya nje za Ujerumani ya kifalme. Ndipo ulipofanyika mkutano wa Novemba 1884 hadi Februari 1885 ambamo mataifa ya Ulaya yalipatana kanuni za kuligawa bara letu. Katika mji huohuo, tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani na Uingereza zilitia saini mkataba ambao mkazi yeyote wa Songwe anaishi na matokeo yake. Mto Songwe umetajwa humo kwa jina: mpaka uanzie mdomo wake kwenye Ziwa Nyasa, upande na mto, kisha uelekee magharibi hadi Ziwa Tanganyika. Kwa mstari huo Tunduma na Nakonde zinatazamana leo kama nchi mbili, na malori yanapanga foleni. Je, mtalii atakuta nini cha kupiga? Karibu hakuna. Vita vya Pili vya Dunia viliyabomoa majengo, na sehemu kubwa ya mtaa huo imejengwa fleti za enzi ya Ujerumani Mashariki. Kuna kibao cha kumbukumbu cha mkutano. Fleti zenyewe hazina uzuri wowote, zina balkoni tu. Ila kama kuna mahali Ulaya ambapo mtu wa Tunduma ana sababu ya kusimama na kamera, hapo pamo katika orodha ya mwanzo.

Jambo hili linagusa neno lenyewe «mji wa kale». Tunadhani ukongwe huonekana kwa macho, kumbe mara nyingi unachokiona kimejengwa juzi. Mji Mkongwe wa Warsaw ulifumuliwa na Wajerumani wakati wa vita, ukajengwa upya kwa kufuata, pamoja na mambo mengine, michoro ya msanii Bernardo Bellotto wa karne ya 18. UNESCO iliuorodhesha mwaka 1980 kwa kutambua hasa kazi hiyo ya kuurudisha. Kasri la kifalme la Berlin lililipuliwa mwaka 1950 na serikali ya Ujerumani Mashariki, na kuta unazoziona leo zilijengwa katika karne hii kulificha jengo la zege. Anayelipiga upande wa mbele atapata picha ya karne ya 18. Akizunguka upande wa mto Spree atakuta ukuta wa kisasa usiojificha, na hapo ndipo picha ya kweli ilipo, kwenye kona ambapo ya kale ya kuigiza inakutana na zege. Ndani kuna Humboldt Forum, yenye mikusanyo ya Makumbusho ya Ethnolojia, vikiwemo vitu vilivyotoka Tanganyika. Yaani kuta mpya zimevishwa sura ya kale, na vitu vya kale kweli vimetoka kwetu.

Kwa mwenye siku moja tu Berlin, ningependekeza njia ifuatayo kuliko nyingine yoyote. Aanze mtaa wa Invalidenstraße, kwenye Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, mbele ya dinosaria aliyechimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Kimo chake ni mita 13.27, na inampasa mpiga picha ajiegemeze ukutani ili kichwa kiingie. Mamia ya Watanganyika walichimba na kubeba mifupa ile hadi bandarini Lindi. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani, na jina hilo linastahili kuandikwa chini ya picha kuliko urefu wa shingo. Kisha aifuate Invalidenstraße mashariki hadi Brunnenstraße, ashuke mpaka nyumba namba 193, halafu atazame chini. Kwenye mawe ya njia ya miguu kuna kibao cha shaba chenye upana wa sentimita 10 kila upande. Ni cha Mohamed Husen, jina lake la kuzaliwa Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904. Alitumika akiwa mtoto katika jeshi la Wajerumani la Vita vya Kwanza, akaenda Ujerumani mwaka 1929, akawa mhudumu wa hoteli na mwigizaji wa filamu, akawafundisha Wajerumani Kiswahili chuoni. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akafia katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Kibao kiliwekwa mwaka 2007. Hutakipata kwa fimbo ya selfi. Lazima uchutame, na watu wakupite.

Bremen nayo ina mfano wake. Watalii hujazana kwenye uwanja wa jumba la mji na sanamu ya Roland ya mwaka 1404, na wana haki, maana ni pazuri sana. Makumbusho yaliyo kando ya stesheni ya reli ndiyo fuvu la Mtwa Mkwawa lilikotoka mwaka 1954 kurudi Uhehe, miaka 35 baada ya Mkataba wa Versailles kuagiza lirudishwe. Nyuma ya stesheni yuko tembo mkubwa wa matofali, aliyejengwa miaka ya 1930 kuwa ukumbusho wa makoloni, na mwaka 1990 mji wenyewe ukambadilisha kuwa mnara wa kupinga ukoloni. Mji wenye ujasiri wa kulibakiza jengo na kuipindua maana yake una mengi ya kumfundisha mwenye kamera.

Kuhusu ufundi sina mengi. Jambo ambalo mtu wa kwetu hulikosea ni mwanga. Songwe jua huzama upesi, na saa ya mwanga laini ni fupi. Berlin iko mbali sana kaskazini: mwezi Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku na wekundu wake hukawia angani, ilhali Desemba giza huingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Basi kiangazi asubiri jioni, wakati makundi yameondoka na kuta zimepata rangi. Majira ya baridi aamke na atoke mapema. Kwa kibao cha shaba mawingu ni bora kuliko jua kali, maana shaba hurudisha mwanga machoni. Kwenye makumbusho flashi izimwe, simu isogezwe karibu na kioo ili isinase sura ya mpigaji. Nyuso za watu wasiojua wanapigwa zisambazwe kwa uangalifu. Sheria za Ujerumani kuhusu picha ya mtu ni kali kuliko wengi wanavyodhani.

Kuna atakayesema: mtalii ametoka kupumzika, unamtwika kazi ya mwanahistoria. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini anayelitoa hajahesabu uchovu wa utalii wa kawaida, wa kusukumana kwenye foleni ili kupata pembe ileile ya picha. Kuna miji iliyokwisha choshwa na hali hiyo. Venice ilianza kuwatoza wageni wa siku moja euro 5 mwaka 2024. Kuchutama Brunnenstraße hakuna foleni wala tiketi.

Pingamizi la pili ni kwamba huku ni kubeba kinyongo kwenda nacho ugenini. Hapa lazima mambo yatofautishwe, na kamera inaweza kuyatofautisha. Fuvu la Mkwawa lilikuwa nyara. Mkataba wa 1890 ulikuwa ubabe wa wakubwa juu ya watu ambao hawakuulizwa. Kimondo cha Ivuna ni habari nyingine: jiwe la kundi hilohilo lililoanguka Orgueil, Ufaransa, mwaka 1864, nalo vipande vyake vimo katika makumbusho ya Paris, na hakuna anayedai Paris iliwaibia wanakijiji. Tena jiwe la Ivuna lingeachwa kwenye mvua za Rukwa lingekwisha. Kimondo cha Mbozi, chenye tani zipatazo 16, kiko pale pale Mbozi hadi leo, na pengine uzito wake ulikisaidia. Anayefuata uzi wa kwao hatakiwi kufika na hukumu mkononi. Atakuta wizi, biashara, elimu, mapenzi na mauaji, vimechanganyika katika mtaa mmoja, na picha zake zitakuwa na uaminifu kuliko za mwenye kusifu tu au kulaani tu.

La tatu ndilo gumu: wangapi wanakwenda? Ombi la viza ya Schengen peke yake ni euro 90 tangu Juni 2024, nauli bado. Ni kweli, ni wachache: wanafunzi, wafanyabiashara, waliooa au kuolewa huko, wajumbe wa mikutano. Uchache wao ndio sababu ya kuwataka warudi na kitu. Mwaka 1901 msomi wa Kijerumani Carl Velten alichapisha kwa Kiswahili habari za safari za watu wa pwani, na humo Salim bin Abakari alisimulia safari yake ya Urusi na Siberia pamoja na Mjerumani Bumiller. Hakuchapisha picha, ameandika, na bado anasomwa. Msafiri wa leo ana simu inayobeba maelfu ya picha na mara nyingi harudi hata na ukurasa mmoja wa maelezo.

Na kazi hii inaweza kuanza kabla ya viza. Makumbusho ya London yameweka kumbukumbu za mikusanyo yake kwenye intaneti, na mtu yeyote aliye Tunduma mwenye bando la siku anaweza kuandika jina la mahali akaona kilichotoka hapo. Chuo Kikuu cha Frankfurt nacho kimeweka wazi maktaba ya picha za zamani za jumuiya ya kikoloni ya Ujerumani, zikiwemo nyingi za Afrika Mashariki, baadhi zikiwa na maelezo machache sana. Mzee anayeyajua vizuri maeneo ya Momba anaweza kuitambua milima ambayo aliyeiweka kwenye kabati Frankfurt hakuijua jina.