Kiinitete kilichogandishwa si kiporo

Wanandoa wanaotafuta mtoto kwa njia ya maabara hunyong'onyea daktari anapowaambia kwamba mwezi huu hakuna kupandikiza, viinitete vyote vitagandishwa. Wengi hudhani watarudishiwa kiporo. Wasiwasi huo hauna msingi.

Sindano za kukuza mayai hupandisha estrojeni mno kuliko mwezi wa kawaida. Mayai yakishavunwa na kurutubishwa, kiinitete huwa tayari siku ya 3 au ya 5. Kikipandikizwa papo hapo, pengine kitaukuta ukuta wa mji wa mimba umeshapitiliza wakati wake wa kukipokea. Baya zaidi, kwa baadhi ya wanawake ovari huvimba, maji yakajaa tumboni, damu ikaganda kwenye mishipa. Mimba ikiingia hapo, homoni yake huzidisha hali hiyo. Mwanamke wa namna hii asubiri. Hapa sina mjadala.

Adui wa kugandisha ni barafu, kwani ikiumbika ndani ya seli huipasua. Siku hizi kiinitete huondolewa maji kwa dawa, kikalazwa kwenye ncha ya kijiti chembamba cha plastiki, kisha kikachovywa ghafla kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Barafu haiwahi kuumbika. Mtoto wa kwanza wa kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1984, kabla ya ufundi huu kuenea.

Basi kila mtu agandishe? La. Utafiti wa China wa mwaka 2016 ulihusisha wanawake 1,508 wenye PCOS, yaani vurugu ya homoni ambayo mara nyingi huzuia mayai kupevuka kila mwezi: waliopandikizwa viinitete vilivyogandishwa, asilimia 49.3 walijifungua, na waliopandikizwa vibichi, asilimia 42. Katika utafiti mwingine wa mwaka 2018, kwa wanawake ambao mayai yao hupevuka kila mwezi, matokeo yalikuwa 48.7 kwa 50.2, yaani ni yale yale. Tena mimba za viinitete vilivyogandishwa huambatana zaidi na shinikizo la damu la ujauzito, hasa mji wa mimba ukiandaliwa kwa homoni tupu.

Kwa hiyo kliniki inayomgandishia kila mteja bila sababu inamwongezea gharama tu. Kabla hujalipa, muulize daktari: mayai yangu ni mangapi, estrojeni imefika wapi, na kutunza viinitete ni shilingi ngapi kwa mwaka?