Filamu ya upepo na somo la ghala

NI nadra kuona filamu ambayo kisa chake chote kinazunguka mahindi. Ndiyo maana nawashauri wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Nyanda za Juu Kusini waitafute ile iitwayo The Boy Who Harnessed the Wind, iliyotoka mwaka 2019. Ni habari ya kweli ya majirani zetu wa Malawi, nchi ambayo barabara ya kwenda kwao inachepukia hapa hapa Uyole kuelekea Tukuyu na Kasumulu.

Filamu hiyo iliongozwa na Chiwetel Ejiofor, ambaye pia ameigiza kama baba. Inamhusu William Kamkwamba, kijana wa Kasungu aliyeacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002. Kwa kusoma kitabu cha maktaba, na kwa kutumia vyuma chakavu, fremu ya baiskeli na dainamo, alitengeneza kinu cha upepo kilichotoa umeme. Mwaka 2007 alialikwa Arusha, kwenye mkutano wa TED, na huko ndiko ulimwengu ulikoanza kumfahamu.

Wengi wanaoitazama hukikumbuka kinu. Mimi, kwa kazi yangu ya uchumi wa kilimo, nililitazama zaidi ghala.

Ghala tupu

Njaa ile haikuletwa na hali ya hewa peke yake. Malawi ilikuwa imeuza sehemu kubwa ya akiba yake ya nafaka, na mavuno yalipokuwa mabaya hapakuwa na cha kutosha kugawa. Bei ikapaa. Mkulima aliyeuza mapema kwa bei ya kutupa akarudi sokoni kama mnunuzi. Tena, kinu cha kwanza cha William kiliwasha taa na redio tu. Maji ya kumwagilia yalikuja baadaye, ingawa filamu imeviunganisha.

Somo hilo halijapitwa na wakati. Machi 2025 Malawi ilizuia mahindi, unga, mchele, ndizi na tangawizi kutoka kwetu. Aprili Tanzania nayo ikafunga mlango kwa mazao ya Malawi na Afrika Kusini, kisha ikaufungua siku chache baadaye. Katika mvutano wa namna hiyo, mwenye ndizi za Rungwe hana la kufanya, kwa kuwa ndizi haisubiri. Mahindi makavu husubiri, mradi yahifadhiwe vizuri.

Teknolojia ya bei nafuu

Adui mkubwa wa mahindi ghalani ni dumuzi, yule ambaye wakulima walimbatiza jina la Scania. Mifuko ya kinga njaa humuua bila dawa. Ndani ya mfuko wa kawaida kuna mifuko miwili ya plastiki. Ikifungwa barabara, hewa huisha na wadudu hufa. Sharti ni mahindi yawe makavu. Ukitaka kujua, tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise, kisha uache kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani.

Sasa tupige hesabu kwa mfano. Tuchukulie gunia la kilo 100 linauzwa Sh50,000 wakati wa mavuno mwezi Julai na Sh75,000 mwezi Januari, na mfuko mmoja ni Sh6,000. Aliyehifadhi vizuri anapata Sh19,000 zaidi ya aliyeuza Julai. Jirani yake ambaye dumuzi wamemlia kilo 20 anabaki na kilo 80, yaani Sh60,000. Amesubiri miezi sita kwa Sh10,000.

Hata hivyo, kusubiri nako kuna gharama. Kama mkulima huyo alikopa Sh50,000 mtaani kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, katika miezi sita atadaiwa riba ya Sh30,000. Faida yote ya ghala imeliwa na deni, na Sh11,000 zaidi inatoka mfukoni. Kwa mtu huyo, kuuza magunia machache Julai na kulipa deni ni uamuzi wa busara, si woga.

Aidha, bei haipandi kila mwaka. Mpaka ukifungwa, au Serikali ikitoa mahindi ya akiba sokoni, huweza kushuka. Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, tenga chakula cha familia kabla ya kuhesabu ya kuuza. Pili, uza kiasi cha kulipa madeni yenye riba kubwa na ada za shule. Tatu, yaliyobaki yahifadhi na uyauze kwa awamu, huku ukipiga simu Tunduma, Makambako na soko la Soweto kuulizia bei ya kilo, si ya lumbesa.

Katika filamu, baba anakataa kwanza kutoa baiskeli ikatwe, kwa sababu ndiyo mali pekee iliyobaki nyumbani. Sioni kosa lake. Mwenye akiba anaweza kujaribu jambo jipya na likishindikana akala. Asiye nayo hujaribu kwa roho za watoto wake. Kabla hatujawaomba vijana wetu wabuni vinu, tuhakikishe nyumbani kuna magunia yaliyofungwa vizuri.