Waya wa Kijani na Njano Usiuchomoe: Fizikia ya Kufunga Vyombo vya DJ

Kwenye shughuli nyingi za mtaani, kitu cha kwanza kutoka spikani si wimbo. Ni mngurumo mzito usiokata: mmmmmm. DJ anagusa waya huu, anachomoa ule, mngurumo upo palepale. Kisha anatokea mtu mwenye uzoefu wake, anafungua plagi ya spika kwa bisibisi, anautoa ule waya wa kijani na njano, anafunga tena na kuchomeka. Kimya! Watu wanashangilia, muziki unaanza.

Tatizo la dawa hii ni kwamba inafanya kazi. Ingekuwa haifanyi kazi, watu wangeshaiacha zamani. Kwa hiyo kama unataka kujifunza u-DJ, na siku hizi wanafunzi wengi wanautaka, kabla hujajifunza kuchanganya nyimbo inabidi uelewe huo mngurumo unatoka wapi na kwa nini dawa yake ya haraka inaweza kuua mtu.

Tuchukue vyombo vya kawaida vya anayeanza: laptopu yenye programu ya muziki, kontrola (ule ubao wenye visahani viwili na miksa katikati), hedifoni, na spika mbili zenye amplifaya ndani yake. Laptopu imechomekwa soketi ya huku, spika zimechomekwa soketi ya kule upande wa pili wa ukumbi. Vifaa vingi vyenye plagi ya pini tatu vina waya wa ardhi, ambao mafundi wanauita ethi. Nyaya hizi za ethi zinakutana mahali fulani kwenye mtandao wa umeme wa jengo. Sasa wewe ukiunganisha kontrola na spika kwa waya wa sauti, umezikutanisha mara ya pili. Tayari umetengeneza duara kubwa la shaba lililozunguka ukumbi mzima.

Ethi ya huku na ethi ya kule haziko sawasawa kabisa. Kunakuwa na tofauti ndogo ya volti kati yake, na tofauti hiyo inasukuma mkondo kupitia ganda la waya wako wa sauti. Umeme wetu unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, hivyo spika inapokea wimbi la hezi 50 pamoja na marudufu yake kama 100 na 150. Amplifaya haina akili ya kujua kipi ni besi ya wimbo na kipi ni besi ya jengo. Inakuza vyote.

Ukiutoa waya wa ethi kwenye plagi ya spika, duara limekatika na mngurumo umekufa. Lakini ule waya haukuwekwa pale kwa ajili ya sauti. Ndani ya spika kuna waya wa laivu wenye volti 230. Spika inabebwa kwenye bajaji, inaanguka, inatikisika kila wikiendi kwa besi yake yenyewe. Siku moja waya ule unachomoka na kugusa bati la nyuma. Kama ethi ipo, mkondo mkubwa unakimbilia ardhini papo hapo na fyuzi inaungua. Spika inazimika, mnalaumu fundi, hakuna aliyeumia. Kama ethi haipo, hakuna kinachotokea. Muziki unaendelea kama kawaida, na lile bati linakaa pale na volti 230, likisubiri mtu mwenye jasho aliyeshika maiki ya chuma aje kuliegemea.

Mambo haya si nadharia ya darasani. Mei 1972, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kushika maiki ya vyombo ambavyo havikuwa na ethi. Miaka minne baadaye Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa The Yardbirds, aliuawa na gitaa la umeme nyumbani kwake kwa sababu hiyohiyo.

Hapa wengi huuliza: si kuna fyuzi kwenye plagi? Ipo, ya ampea 13. Hebu tupige hesabu. Mwili wenye ngozi iliyolowa jasho unaweza kuwa na ukinzani wa kama ohmu 1000. Volti 230 ukigawa kwa 1000 unapata ampea 0.23. Kwa fyuzi ya ampea 13, hiyo 0.23 ni sawa na nzi kutua kwenye mizani ya magunia. Kwa moyo wako ni balaa. Swichi maalumu za usalama, zile zinazoitwa RCD, zinakata umeme unaovuja ukifika ampea 0.03 tu, kwa kuwa juu ya hapo ndipo mapigo ya moyo yanapoanza kuwa hatarini. Yaani fyuzi inalinda waya usiungue. Kazi ya kulinda mtu ni ya ethi na RCD, na kwa RCD kuna kitufe cha kujaribia, kibonyeze kabla ya shughuli uone kama kweli inakata.

Kuna namna nyingine ya kupoteza ethi ambayo naiona kila mahali, na sidhani wanaoifanya wanajua wanachofanya. Vyombo vingi vilivyotumika huingia kutoka Ulaya vikiwa na plagi ya pini mbili za mviringo. Haiingii kwenye soketi zetu za pini tatu, basi mtu anachukua kalamu, anasukuma tundu la juu ili vifuniko vya ndani vifunguke, kisha anaipachika kwa nguvu. Umeme unawaka, sawa. Ila ethi ya plagi ile ya Ulaya ni vile vibati vya pembeni, na kwenye soketi yetu havigusi kitu chochote. Zaidi ya hapo, plagi hiyo haina fyuzi. Suluhisho ni rahisi mno: spika nyingi zina waya wa umeme unaochomoka, wa aina ileile inayotumika kwenye kompyuta za mezani. Badilisha waya, nunua wenye plagi ya kwetu. Ni bei ndogo kuliko karibu kila kitu kilichopo kwenye meza yako.

Na mngurumo je? Unautibu upande wa sauti, si upande wa umeme. Jaribu kwanza kuchomeka kila kitu, laptopu, kontrola na spika, kwenye soketi moja kupitia ekstensheni moja nzuri. Mara nyingi inatosha, kwa sababu duara limekuwa dogo. Kama haikutosha, chomoa chaja ya laptopu kwa muda. Mngurumo ukikata, umempata mhalifu. Hapo unaweka kati ya kontrola na spika kifaa kidogo chenye transfoma ya kutenganisha: sauti inavuka kwa sumaku bila shaba ya upande mmoja kugusana na ya pili, na ethi zote zinabaki mahali pake.

Dawa iliyo bora zaidi, kama kontrola yako ina matundu yake, ni waya wa XLR wenye pini tatu. Ndani yake sauti inasafiri mara mbili: nakala moja ilivyo, na nyingine imepinduliwa juu chini. Kelele ikivamia njiani inaziingia zote mbili kwa namna moja. Spika inapopokea, inatoa moja kutoka kwa nyingine. Sauti, kwa kuwa zilikuwa kinyume, inaongezeka. Kelele, kwa kuwa ilikuwa sawa, inafutika. Kwangu mimi huu ni ujanja mzuri kuliko yote kwenye vyombo vya muziki, na ni hesabu ya kutoa tu.

Ekstensheni nayo isichukuliwe kiholela. Chukua ekstensheni ya mita 20 yenye waya mwembamba, wa milimita za mraba 0.75. Kwenda na kurudi ni mita 40 za shaba, ukinzani wake karibu ohmu moja. Ukivuta ampea 10 humo, joto linalozalishwa ni 10 mara 10 mara 1: wati 100. Waya ukiwa umetandazwa, joto linatawanyika na huoni shida. Ukiwa umeviringishwa kwenye gurudumu lake, ni sawa na balbu ya zamani ya wati 100 iliyofungwa ndani ya plastiki. Ndiyo maana ekstensheni za magurudumu huyeyuka katikati. Ikunjue yote hata kama unahitaji mita tano. Na angalia pia kwamba joto linakwenda kwa kipeo cha pili: ukipunguza mkondo kwa nusu, joto linabaki robo. Pasi na birika la umeme visikae kwenye ekstensheni ya DJ.

Sasa washa. Utaratibu unafuata njia ya sauti: laptopu na kontrola kwanza, spika mwisho, feda zote zikiwa chini. Wakati wa kuzima ni kinyume, spika zinatangulia. Kifaa kinapowashwa hutoa mshtuko mdogo wa volti, na kama spika iko macho tayari utausikia kama kishindo, "DUU!". Kishindo kimoja huenda kisiharibu kitu. Mia moja ni habari nyingine.

Halafu kuna taa nyekundu. Madijei wengi wanaoanza wanaichukulia kama pambo, eti muziki umekolea. Taa nyekundu ina maana wimbi limegonga dari: kilele chake cha mviringo kimekatwa kikawa bapa. Wimbi lililokatwa linazidi kufanana na mraba, na wimbi la mraba lina nguvu mara mbili ya wimbi la mviringo lenye kilele kilekile. Tena zile kona kali zinazaa masafa ya juu ambayo hayakuwepo kwenye wimbo, na masafa ya juu yanapelekwa kwenye spika ndogo, zile tweta, ambazo waya wake ni mwembamba sana. Zinaungua. Kama ukumbi hausikii vizuri, ongeza sauti kwenye spika, na miksa iache kwenye kijani na njano kidogo.

Tukija kwenye kuchanganya nyimbo, fizikia inakuwa tamu. Wimbo mmoja una mapigo 120 kwa dakika, wa pili 121. Ukivianzisha pamoja, vinapishana pigo moja zima kila dakika. Baada ya sekunde 30 pigo la huyu linaangukia katikati ya mapigo ya yule. Lakini sikio halingoji muda wote huo. Baada ya sekunde 16, ambazo kwa mwendo huu ni mapigo 32, tayari kuna pengo la zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, na ngoma zinasikika kama farasi anayekimbia. Kazi ya feda ya mwendo ni kuziba pengo hilo. Kutoka 120 kwenda 121 ni asilimia 0.83 tu.

Feda hiyo ilipata umaarufu kwenye gramafoni ya Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979, ambayo iliruhusu kuongeza au kupunguza mwendo kwa asilimia 8. Kwenye santuri, ukiongeza mwendo masafa yote yanapanda pamoja. Asilimia 6 inapandisha wimbo karibu nusu toni, na mwimbaji anaanza kusikika mtoto. Programu za sasa zinaweza kushika sauti isipande, kwa kuukatakata wimbo vipande vidogo na kuvipanga upya. Ukizidisha, unasikia mikwaruzo.

Vipi kuhusu amapiano ya 112 na singeli, ambayo mara nyingi inapita 200? Asilimia 8 haikufikishi popote. Lakini singeli ya 224 ni 112 mara mbili, hivyo pigo moja la amapiano linabeba mawili ya singeli na hakuna anayegongana. Jaribu, utashangaa.

Ushauri wangu kwa mwezi wa kwanza: zima kitufe cha kulinganisha nyimbo chenyewe. Chukua nyimbo mbili unazozijua kwa moyo, hesabu moja hadi nne, na jifunze kusikia kwenye hedifoni nani anatangulia. Fanya hivyo kwa sauti ya chini. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu. Piga hesabu: 88 ni saa nne, 91 ni mbili, na ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Chembe za sikio zikifa haziotI tena, na DJ anahitaji masikio kuliko anavyohitaji kontrola.

Jambo la mwisho litakutesa siku ya kwanza utakapotoka chumbani kwenda ukumbini. Sauti inakwenda takriban mita 350 kwa sekunde kwenye joto letu. Spika zikiwa mita 17 mbele yako, pigo linakufikia likiwa limechelewa karibu sekunde 0.05, ilhali lile la hedifoni halina safari. Ukilinganisha hayo mawili utarekebisha kosa ambalo halipo, na ukumbi utasikia farasi. Weka spika moja ndogo karibu nawe, kama mita moja, na ulinganishe kwa hiyo. Kama huna, sikiliza nyimbo zote mbili ndani ya hedifoni hadi zikae sawa, ndipo upandishe feda.