Shakespeare: kazi London, nyumba kwao

Hapa Same tunawajua watu wa namna hii: kazi iko Dar es Salaam, lakini nyumba anajenga kwao Usangi au Mamba, na Desemba anapanda mlima na familia. William Shakespeare, ambaye Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia zake Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, naye aliishi mguu mmoja mjini, mmoja kwao.

Alizaliwa mwaka 1564 Stratford, mji mdogo wa soko, mtoto wa fundi glavu. Alioa akiwa na miaka 18. Mkewe, Anne Hathaway, alikuwa na 26. Walipata watoto watatu. Baadaye yeye akaenda London, kama kilomita 160, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Familia ilibaki.

Mwaka 1596 mwanawe pekee wa kiume, Hamnet, alifariki akiwa na miaka 11. Enzi hizo taarifa ya msiba ilifika kwa farasi au kwa miguu.

Mwaka uliofuata alinunua New Place, moja ya nyumba kubwa kabisa Stratford, na 1602 akaongeza shamba la ekari 107. London mwenyewe alikuwa bado mpangaji! Na pesa hazikutoka hasa kwenye kuuza maandishi. Alikuwa na hisa katika kundi lake la waigizaji, na tangu 1599 katika ukumbi wa Globe, hivyo alipata fungu la viingilio.

Nyumba ya London aliinunua 1613. Miaka mitatu baadaye alifariki Stratford, akazikwa katika kanisa alilobatizwa.