Embe Lililochumwa Bado Linapumua

Leo tutazungumza juu ya embe. Hatutasema namna ya kulipanda, bali tutasema juu ya zile siku chache tangu litoke mtini mpaka limfikie mnunuzi. Maneno yote ya somo yamechapwa katika karatasi hii, ili mtu aliyepitwa na neno redioni alisome mwenyewe pole pole.

Kwanza nakuuliza swali. Maji ya mtungini huwa baridi kuliko maji ya debe, ingawa mtungi na debe vimekaa katika chumba kimoja. Kwa nini? Usijibu upesi. Tutalirudia swali hili, maana jibu lake lina fedha ndani yake.

Sasa twende Makueni, katika Ukambani, nchini Kenya. Nimechagua Makueni kwa sababu ni nchi kavu, tena ni nchi ya maembe. Mvua yake ni chache, na mwaka mwingine mahindi hukauka kabla ya kutoa punje. Lakini mwembe una mizizi mirefu, nao huvumilia. Kwa hiyo watu wengi huko wamepanda miembe: Apple, Ngowe, Kent, Tommy Atkins na aina nyingine. Maembe huiva kwa wingi tangu Desemba hata Machi, na mwezi wa Januari ndio mwezi wa kulipa karo ya watoto. Mzazi humtazama mwembe wake kama mtu anavyoutazama mkoba wake wa fedha. Kama wewe wakaa Kitui au Dodoma, au kama mti wako ni mpapai au mpera, usiondoke. Mengi ya somo hili yatakufaa wewe pia.

Chukua daftari uandike hesabu. Nimeitunga kwa mfano tu. Mwembe wako umezaa maembe 400, na mnunuzi anatoa shilingi 10 kwa kila embe. Ulipotikisa matawi, maembe 60 yalianguka yakapasuka. Maembe 40 yalikuwa na funza. Maembe 50 yalioza ndani ya magunia wakati ulipomngoja mwenye lori. Je, umeuza mangapi?

Jumlisha 60, 40 na 50. Utapata 150. Toa 150 katika 400, yabaki 250. Basi umepata shilingi 2,500, na shilingi 1,500 zimepotea. Hakuna mwizi aliyeingia shambani. Ulilima, ulipalilia, ulinyunyiza dawa, kisha ukatupa shimoni zaidi ya theluthi moja ya kazi yako.

Embe huharibika kwa nini? Kwa sababu si jiwe. Likiisha kuchumwa bado li hai, nalo linapumua kama wewe. Latumia sukari yake, latoa joto na mvuke. Lilipokuwa mtini lilipata maji kutoka mizizini. Sasa halipati kitu. Lina akiba yake tu, na akiba hiyo ikiisha, embe hulegea na kuoza. Joto ndilo linaloiharakisha akiba kuisha. Joto likizidi kwa digrii 10, embe hupumua upesi mara mbili, au hata mara tatu. Sasa chukua embe lililolala juani saa 8 mchana, ulishike mkononi. Huwa na joto kuliko hewa yenyewe. Saa chache za jua namna hiyo humla embe siku kadhaa za maisha yake.

Kuna jambo la pili. Embe linaloiva hutoa hewa fulani isiyoonekana, na hewa hiyo huyaivisha yale yaliyo jirani yake. Wazee wetu waliitumia kazi yake zamani sana, walipovumbika ndizi ziive pamoja. Lakini wewe hutaki maembe ya kuuza yaive kabla ya safari. Kwa hiyo usiweke embe bivu pamoja na yaliyokomaa ambayo hayajaiva. Moja tu likisahauliwa chini ya tenga, litafanya kazi usiku kucha.

Basi, tuanze mtini. Embe lililokomaa hulijuaje? Tazama mabega yake, pale penye kikonyo. Likiwa changa, mabega yameteremka. Likikomaa, mabega huinuka na kujaa, na kikonyo huonekana kama kimezama. Ukiwa na shaka, kata embe moja. Nyama iliyo karibu na kokwa ikianza kugeuka rangi ya manjano, chuma. Embe lililochumwa likiwa changa hunyauka, wala halipati utamu wake. Najua mnunuzi mwingine huja mapema na kukushawishi uchume yote siku moja, makubwa na machanga. Huyo anatazama nafasi katika lori lake. Wewe tazama mwembe wako, uurudie mara tatu au nne.

Chuma asubuhi umande ukiisha kukauka, kabla jua halijawa kali. Usitikise matawi wala usirushe fimbo. Embe lililoanguka laweza kuonekana zima leo, lakini ndani limevilia kama mtu aliyepigwa, na kesho kutwa pale pale patakuwa peusi. Tengeneza ngoeko yenye kifuko: chukua mti mrefu mwepesi, funga mdomoni duara la waya, shona kifuko cha nguo kwenye duara hilo, kisha utie kisu kidogo cha kukatia. Embe litaanguka katika kifuko, wala halitafika chini.

Acha kikonyo chenye urefu wa kidole. Ukifika kivulini, kata kikonyo kibaki kama sentimita 1, kisha uliweke embe kichwa chini juu ya kitanda cha fito, utomvu udondoke. Acha hivyo kwa muda wa saa mbili. Jambo hili ni dogo, lakini wengi hawalijui. Utomvu wa embe huunguza ganda. Siku ile huoni kitu, ila baada ya siku moja au mbili hutokea michirizi myeusi, na mnunuzi husema embe ni gonjwa. Si gonjwa. Limeunguzwa na utomvu wake lenyewe.

Sasa tuseme juu ya funza. Mwaka 2003 wataalamu walimwona nchini Kenya inzi mgeni wa matunda aliyetoka Asia. Tangu hapo ameenea katika sehemu kubwa ya Afrika. Ameleta hasara kubwa, hata mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe katika nchi za Umoja wa Ulaya, na biashara hiyo ilifunguliwa tena mwaka 2021. Jike la inzi huyu hutoboa ganda na kutaga mayai ndani. Mayai huangua funza, nao hula nyama ya embe. Embe huanguka. Funza hutoka, huingia udongoni, hulala kidogo kama punje ya mchele, kisha hutoka inzi mpya kwenda kutaga tena.

Umeona mahali pa kumshika? Ni pale chini, embe linapoanguka. Kila siku okota maembe yote yaliyoanguka, hata madogo. Yatie katika mfuko wa nailoni mweusi, ufunge mdomo kabisa, uuweke juani siku nyingi mpaka funza wote wafe. Au chimba shimo lenye kina cha nusu mita au zaidi, uyazike. Kuyatupa nyuma ya ua ni kumlelea adui watoto wake. Mitego ya kuwanasa inzi madume husaidia pia, mwulize Bwana Shamba wenu. Lakini sema na jirani yako kwanza. Inzi hajui mpaka wa shamba, na ukisafisha peke yako utafanya kazi nusu.

Sasa turudi kwenye mtungi. Umefikiri? Mtungi ni udongo uliochomwa, nao una vitundu vidogo visivyoonekana. Maji hupenya kidogo kidogo mpaka nje. Hewa huyanywa, na maji yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto la mtungi na kwenda nalo. Debe ni bati, halipenyezi maji, kwa hiyo halipoi. Tena sikiliza: kadiri hewa ilivyo kavu, ndivyo inavyoyanywa maji kwa upesi. Mombasa, kando ya bahari, hewa ina unyevu mwingi, na mtungi haupozi sana. Makueni mwezi wa Februari hupoza vizuri. Ukavu ule ule unaokunyausha mahindi waweza kukuhifadhia maembe.

Katika miaka ya 1980 wataalamu wa kilimo huko New Delhi, India, walitumia akili hii ya mtungi kwa kujenga sanduku la matofali. Waweza kulijenga wewe pia. Tafuta mahali penye kivuli na upepo. Panga sakafu ya matofali ya kuchoma. Jenga kuta mbili, moja ndani ya nyingine, zikifika kiunoni, na kati yake uache nafasi ya sentimita 7 au 8. Jaza nafasi hiyo mchanga safi. Lowesha mchanga na matofali mpaka yashibe maji, kisha mwagilia asubuhi na jioni. Funika juu kwa kifuniko cha nyasi au gunia lenye maji, na juu ya yote weka paa dogo la nyasi kuzuia jua. Maembe yakae ndani katika makreti, yasiguse ukuta wenye maji. Usitazamie baridi ya barafu. Embe lenyewe halipendi baridi kali, likikaa chini ya digrii 13 ganda lake hubadilika rangi na utamu hupotea. Sanduku hili hukuongezea siku kadhaa tu. Lakini mtu mwenye siku kadhaa aweza kumwambia mnunuzi, "Bei hiyo sitaki, rudi kesho." Asiyekuwa nazo hupokea anachopewa.

Kwa matunda machache ya nyumbani, vyungu viwili vyatosha. Katika miaka ya 1990, kaskazini ya Nigeria, ambako pia ni kukavu, mwalimu mmoja aitwaye Mohammed Bah Abba aliwaenezea watu vyungu vya namna hiyo: chungu kidogo ndani ya kikubwa, na mchanga wenye maji katikati.

Ni lazima niseme kweli. Sanduku la matofali lanywa maji mengi kila siku. Kama mke wako au binti yako huenda mbali kuteka maji ya kunywa, usilijenge. Kwako wewe shauri langu ni jingine: tumia usiku. Katika nchi kavu usiku huwa na baridi hata wakati wa joto. Tandaza maembe juu ya kitanda cha fito chini ya paa, si ndani ya chumba cha mabati, uache upepo wa usiku upite juu na chini. Alfajiri yatakuwa yamepoa. Yapakie wakati huo huo.

Na uyapakie katika nini? Si katika gunia. Gunia halina mbavu. Embe la chini hubeba mengine yote, na njiani watu hukaa juu ya mzigo. Tumia kreti la plastiki, au tenga imara lililotandikwa nyasi kavu. Usijaze kupita ukingo, maana kreti la juu litayaponda. Funika mzigo kwa turubai la rangi nyeupe, si jeusi, uache hewa ipite. Bei ya kreti ni kubwa kwa mtu mmoja, lakini watu kumi wa chama waweza kununua pamoja, na kreti hudumu miaka. Tena kuuza kwa kreti kunakupa kipimo. Gunia lililoshonewa kichwa hujui lina maembe mangapi, na mnunuzi hujua.

Yatabaki maembe mazima ambayo yameiva na hayana mnunuzi. Hayo yakaushe. Embe bichi ni maji zaidi ya sehemu nne katika tano. Oga mikono, menya kwa kisu kisichopata kutu, kata vipande vyembamba vya milimita 6 hivi, uvichovye katika maji ya ndimu visigeuke vyeusi. Vipange juu ya wavu wa nailoni ndani ya sanduku lililofunikwa nailoni nyeupe inayopenya nuru, lenye matundu pande mbili ili hewa ipite, na matundu hayo yazibwe kwa chandarua inzi wasiingie. Jioni vitie ndani ya nyumba. Kwa jua kali, siku mbili au tatu zatosha. Kipande kilichokauka vema hukunjika bila kuvunjika, na ukikikamua hakitoi maji. Tia vipande katika chupa ya kioo yenye kifuniko, utazame kesho yake. Ukiona matone ya maji ndani ya kioo, virudishe juani, la sivyo vitaota ukungu. Kilo 10 za maembe hutoa karibu kilo 1 ya vipande vikavu. Usishangae kuona ni vichache, maji ndiyo yaliyokwenda.

Kazi ya juma hili. Piga mistari minne katika daftari, na juu ya kila mstari andika neno moja: YALIYOCHUMWA, YALIYOUZWA, YALIYOLIWA, YALIYOTUPWA. Kila jioni andika hesabu ya siku hiyo. Kando ya YALIYOTUPWA andika na sababu: kuanguka, funza, au kuoza. Darasani mtazilinganisha hesabu zenu, na mwalimu atawasaidia kuona ni sababu ipi iliyokula maembe mengi katika kijiji chenu. Juma lijalo tutaanza na sababu hiyo. Kwaherini.