WAVU WA GATA: NAMNA YA KUUCHAGUA NA KUUFUNGA KABLA YA MASIKA

Wananchi wa Unguja na Pemba, pamoja na watumishi wanaoishi katika nyumba za Serikali, wanakumbushwa kuwa mvua za masika, zinazonyesha kati ya Machi na Mei, hudhihirisha kila dosari ya paa. Dosari moja isiyopewa uzito unaostahiki ni gata lililoziba majani. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 10 tu hupokea takriban lita 1,000 za maji. Maji hayo yakikosa njia ya kufika kwenye mlizamu, hufurika juu ya ukingo wa gata na kuteremka ukutani.

Kwa nyumba za zamani zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama zilivyo nyingi za Mji Mkongwe, jambo hili si dogo. Ukuta wa aina hiyo hunyonya maji. Chokaa hulegea, na ncha za boriti za mikoko zilizozama ukutani huoza pahali pasipoonekana. Plasta inapoanza kubanduka, mara nyingi madhara huwa yamekwisha kuingia ndani. Aidha, maji yanayotuama katika gata ni mazalio ya mbu waenezao homa ya dengi, maradhi yaliyoikumba Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Wakati wa joto, yai la mbu huyo likishaanguliwa huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi.

Njia mojawapo ya kuzuia majani ni kufunika gata kwa wavu. Hata hivyo wavu haupaswi kununuliwa kabla ya kutazamwa mti ulio karibu na nyumba. Majani mapana ya mkungu na ya mwembe huzuiwa na wavu wowote wenye matundu ya kiasi cha milimita 5 au 6. Vijani vya mwarobaini, ambavyo ni vyembamba, vingine vitapita, lakini vingi vya hivyo huchukuliwa na maji. Mvinje ndio wenye taabu. Sindano zake hujipenyeza katika matundu, zikasimama humo na kuwa kama ufagio unaokusanya takataka nyingine. Penye mivinje, kupunguza matawi na kusafisha gata kwa mkono kuna faida zaidi kuliko wavu wa aina yoyote.

Wapo wanaodhani kwamba wavu wenye matundu madogo kabisa, kama ule wa madirisha, ndio bora. Sivyo. Vumbi na chavua huuziba upesi, na mvua kubwa inaposhuka maji huteleza juu yake na kumwagika nje ya gata. Wavu huo unafaa kwenye mdomo wa tangi, kuzuia mbu.

Kuhusu madini, hewa ya chumvi ya visiwani haisamehe. Waya wa kuku ni rahisi kwa bei, lakini karibu na pwani zinki yake huisha na kutu ikaanza. Plastiki hafifu hupauka kwa jua na kukatika. Aluminiamu hustahimili zaidi, na kwa nyumba nyingi ndiyo chaguo la busara. Chuma cha pua ni imara kuliko vyote, ila ni ghali. Wavu wa aluminiamu usifungwe kwa waya wa shaba, kwani madini hayo mawili yakigusana penye unyevu wa chumvi, aluminiamu huliwa.

Kabla ya kufunga, gata lisafishwe lote, kisha ndoo ya maji imwagwe upande wa juu. Maji yakisimama popote, vishikio virekebishwe hadi gata liwe na mwinamo wa kiasi cha milimita 5 kwa kila mita kuelekea kwenye mlizamu. Kufunika gata lisilo na mwinamo ni kuficha ugonjwa. Baada ya hapo wavu ukatwe uwe mpana kidogo kuliko gata, ukingo wake wa ndani uingizwe chini ya bati, na wa nje ubanwe kwenye mdomo wa gata. Vipande vipandane kwa sentimita 5. Wavu ulale kwa kufuata mteremko wa paa ili majani yaporomoke; ukilegea katikati utayakusanya. Bati lisitobolewe kwa msumari, kwani kila tundu jipya ni mvujo mpya. Ngazi ishikwe na mtu wa pili, na iwekwe mbali na nyaya za umeme.

Wavu haumwondolei mwenye nyumba kazi ya usafi. Gata likaguliwe mwezi wa Februari, na tena Septemba kabla ya vuli, na baada ya kila upepo mkali.

Mpangaji wa nyumba ya Serikali apate kwanza idhini ya ofisi yenye dhamana ya nyumba hiyo. Wakaazi wa Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, wawasiliane na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla ya kubadilisha gata au mlizamu unaoonekana njiani. Katika vichochoro vyembamba, mlizamu usielekezwe kwenye ukuta wa jirani.